Kadi Tisa Ndani ya Kopo la Grisi: Maisha ya Fundi Philbert Juvenali, 1974–2025

Yanasomwa na kaka yake, Pancras Juvenali
Mugoma, Ngara, Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025

Ndugu wafiwa, majirani wa Mugoma, wageni wetu mliotoka Biharamulo, na ninyi mliosimama kule kwenye migomba kana kwamba mnapita tu njia: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Sogeeni karibu, hakuna atakayewakamata. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu. Shule yangu iliishia darasa la nne na miguu yangu imezoea kuzunguka kuliko kukaa, kwa hiyo nikitoka njiani mnivumilie. Nitarudi.

Marehemu Philbert Juvenali alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1974 hapa hapa Mugoma, mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Juvenali Ruhuza na Mama Francisca, ambao wote wametangulia. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Bibi yetu mzaa baba alikuwa mtu wa Muyinga, ng'ambo ya mpaka, Burundi. Siku moja alikwenda huko kumsalimia dada yake, akaugua, akazikwa huko huko. Nalitaja kaburi hilo mapema kwa sababu lilikuja kumsumbua marehemu miaka mingi baadaye.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1983 hadi 1989. Miaka ile kata nzima ilikuwa na pikipiki mbili tu, ya paroko na ya bwana shamba. Marehemu alizitambua kwa mlio akiwa ameketi darasani, na mwalimu wake alimshuku kwamba anachungulia dirishani badala ya kutazama ubao. Siku moja alimfunga kitambaa machoni mbele ya wenzake. Pikipiki ikapita.

"Haya, mchawi mdogo, hiyo ya nani?"

"Ya bwana shamba, mwalimu. Lakini leo anaendesha mtu mwingine. Huyu hajui klachi."

Darasa likacheka. Jioni ikajulikana kwamba shemeji yake bwana shamba alikuwa ameichukua bila kuomba. Kwa hiyo tangu akiwa mtoto marehemu alijua kwamba mwenye pikipiki ni mmoja, na aliye juu yake anaweza kuwa mwingine kabisa.

Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kwa maelfu, mashirika yalikuja na pikipiki nyingi kuliko ambazo wilaya hii ilikuwa imewahi kuziona. Marehemu alipata kibarua kambini Benaco, kuosha vipuri kwa petroli. Baada ya miezi minane alifungua injini mwenyewe akairudisha yote. Fundi mkuu, ambaye kila alipofunga injini alibakiza nati mbili tatu, hakuamini kwamba mtu anaweza asibakize hata moja. Alimpekua mifuko. Alikuta kiazi cha kuchemsha. Kuanzia siku hiyo alimpa spana.

Machi 1997 alihamia Biharamulo mjini, akajenga kibanda chake jirani na stendi. Alifanya kazi hapo miaka ishirini na minane. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tunalitazama bila kuliona, kwamba pikipiki hazimilikiwi namna moja kila mahali. Biharamulo mjini, na mipakani Rusumo na Kabanga, aliye juu ya pikipiki kwa kawaida siye mwenye nayo. Mwenye nayo ni mwalimu, au nesi, au mbadilisha fedha, au wakala wa forodha. Dereva anaendesha kwa mkataba, bosi anamshuku dereva, na dereva anamshuku bosi. Kijijini mwenye pikipiki ndiye dereva. Kwa Wasukuma wa Nyakahura na Lusahunga pikipiki inatoka zizini: ng'ombe wanapelekwa mnadani, pikipiki inarudi nyumbani, na boma lisilo nayo linaulizwa kulikoni. Huku kwetu milimani inatoka kwenye kahawa na ndizi. Inakuja polepole, mara nyingi ni moja kwa ndugu watatu, na wote watatu wanashukiana kwa mafuta yaliyokwisha.

Hayo marehemu hakuyasoma kwenye kitabu, aliyasoma kwenye chuma. Pikipiki ya mjini, alisema, kiti kimechakaa upande wa nyuma, kwa abiria. Ya Wasukuma keria imepinda kwa magunia ya mahindi. Ya Mugoma inamaliza breki kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ya mlima, na keria yake ina utomvu wa ndizi ambao hata petroli haiutoi. Alipokuwa akimfundisha kazi mwanawe wa kwanza, Clever, alimwambia: "Kadi inaweza kudanganya, mwanangu. Breki haijui."

Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na Magdalena, binti wa Mzee Ngassa Ndassa wa Nyakahura, familia iliyohama na mifugo yake kutoka Shinyanga. Mzee Ngassa yuko hapa mbele na anajua kwamba namsema. Alimtazama mkwe huyu mwenye grisi kwenye kucha kama mtu anayetazama mbuzi wa mnadani mwenye kikohozi.

"Ng'ombe wako wako wapi?"

"Sina, baba. Nina spana."

"Spana inakamuliwa?"

"Haikamuliwi, baba. Lakini pia haiingii shamba la jirani."

Mzee alicheka, akasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, lakini shaka haikumtoka. Alimtuma mtu Biharamulo kwa siri akaangalie kama kibanda ni cha kijana kweli au ni cha bosi. Yule mtu alirudi na jibu: "Ni chake. Kufuli lake bovu. Kingekuwa cha bosi kingekuwa na kufuli zuri." Ndoa ikafungwa, na mahari alilipa taratibu mpaka ng'ombe wa mwisho. Mzee, nadhani nasema kweli.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita haraka. Nitapita polepole.

Juni 2009 marehemu alinunua pikipiki yake ya kwanza, nyekundu, iliyokwishatumika. Kuiandikisha kulihitaji karatasi ambazo hakuwa nazo. Kila alipokwenda kuomba kutambuliwa kuwa raia aliulizwa bibi yake amezikwa wapi, naye hakujua kusema uongo, akajibu Muyinga. Basi akaambiwa asubiri uhakiki. Kaka yake, yaani mimi, nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Mwanza. Huko hakuna aliyeniuliza habari za bibi, na karatasi nilizipata zote. Bibi ni yule yule mmoja. Kwa hiyo pikipiki ya Philbert iliandikwa kwa jina la Pancras.

Ikapita miezi kumi. Nikasikia kwa watu kwamba pikipiki ile inaonekana Kabanga kila siku ya gulio. Nikajiuliza, fundi wa Biharamulo anatafuta nini mpakani? Nikaona magendo. Nikaliona jina langu likisomwa kituo cha polisi. Sikumwuliza. Nilitia kadi mfukoni nikapanda basi, nikafika kibandani kwake Aprili 2010.

"Shikamoo kaka," alisema. "Mbona hukutuma salamu?"

"Marahaba. Nimefuata pikipiki yangu."

Alidhani natania. "Yako ipi tena, kaka?"

"Kwani kadi inasemaje?"

Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Kisha akautoa ufunguo kwenye msumari akanipa. "Breki ya nyuma imelegea," alisema. "Mlimani usiiamini."

Kule Kabanga alikuwa anakwenda kutengeneza pikipiki za watu wa gulio. Hilo nililijua baadaye, nikiwa nimekwisha kuizoea pikipiki, na mtu akizoea kitu hakosi sababu. Iliniharibikia karibu na Nyakahura mwaka 2012, na aliyekuja kuitengeneza ni yeye, kwa baiskeli, na plagi mpya mfukoni. Mwaka uliofuata ilinifia kabisa. Ndugu zangu, hayo ndiyo niliyoyafanya, na kwa miaka kumi na tano hakuna aliyeyajua isipokuwa sisi wawili.

Mwaka 2016 uhakiki wa marehemu ulikamilika, akapata namba ya taifa na namba ya mlipa kodi. Tulidhani atanunua pikipiki nyingine. Hakununua. Aliendelea na baiskeli mpaka mwisho, fundi pikipiki asiye na pikipiki, na watu wa stendi walimcheka kwamba ni daktari anayeogopa sindano. Alichofanya ni kulikopesha jina lake. Mtu akija na pikipiki na hana karatasi, iwe kwa sababu ya bibi, au hajajua pa kuanzia, au ni mama anayeogopa mashemeji zake, marehemu aliiandikisha kwa jina lake. Nakala alibaki nayo mwenye pikipiki. Kadi yenyewe aliiweka yeye, kwa sababu naye alikuwa na shaka zake: ikiuzwa bila yeye kujua na ikaua mtu, litatafutwa jina la Philbert. Kila aliyeandikishiwa aliacha picha moja ya pasipoti, na marehemu aliibana nyuma ya kadi. Walikuwa nazo za ziada, maana walishapiga nyingi za kupeleka kwa mtendaji.

Shaka zilimfuata hadi nyumbani. Polisi walifika kibandani mara mbili kuuliza pikipiki nyingi za jina moja ziko wapi; aliwapeleka hadi kwa wenyewe, wakaridhika. Mke wake alijiuliza kwa nini kila mwezi lazima aende Mugoma na arudi ananuka ndizi. Siku moja alimfuata. Alimkuta chini ya pikipiki ya mama mmoja, anabadilisha breki, na huyo mama anamkemea kwamba za mwezi uliopita hazikudumu. Magdalena aliwasalimia akageuza. Amesema niliandike hili, tucheke kidogo.

Marehemu alianza kuugua sukari mwaka 2019. Mwaka jana kidonda cha mguu wa kushoto kilikataa kupona, na Julai mwaka huu alilazwa. Aliaga dunia Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mke wake akiwa ameshika mkono wake. Siku mbili kabla alimwambia: "Kuna kopo la grisi juu ya kabati. Kila mtu mpe chake." Magdalena alidhani ni spana.

Jumatano Clever alikuwa akitafuta kitambulisho cha baba yake kwa ajili ya kibali cha kuzika, akalifungua kopo. Ndani mlikuwa na kadi tisa za pikipiki, zote jina la Philbert Juvenali, na nyuma ya kila moja sura ya mtu asiyemjua.

Naomba tusimhukumu kijana. Clever ni bodaboda wa Biharamulo. Anaendesha pikipiki ya mwalimu kwa mkataba huu mwaka wa nne. Mjini kadi yenye jina ni bosi, na picha iliyobanwa nyuma ni dereva wake, hivyo ndivyo mabosi wanavyoweka. Kwa hiyo alisoma alivyofundishwa na stendi. Alikuja kwenye kikao cha ukoo na kopo mkononi, analia.

"Baba alikuwa na pikipiki tisa," alisema. "Tisa! Na mimi naosha ya mwalimu kila jioni. Hawa ni nani aliowapa mimi nikiwa nakodi?"

"Si zake, mwanangu," alisema mama yake.

"Mama, jina ni la nani hapa?"

Wazee wakazipokezana kadi. Mmoja alinong'ona kwamba mjane huenda anajua zilipo na anamfichia mtu. Ikapitishwa kwamba Ijumaa tukishazika, zitafutwe na zikusanywe zote tisa. Magdalena alinyanyuka akaenda jikoni, na hakuna aliyemfuata. Mimi nilikuwa nimekaa pale na fimbo yangu. Nilijua kuliko wote jinsi kadi inavyoweza kusema uongo. Nilinyamaza, maana kuisema ya Philbert kungenilazimu kuisema ya kwangu.

Neno la kikao lilifika kila mahali kabla watu hawajalala. Tangu hapo waombolezaji walianza kufika kwa miguu. Wanasema wametembea kutoka Rulenge, wengine wameshuka basi Benaco, na viatu havina vumbi. Wanatoa pole, wanatazama mlango wa nyumba, wanahesabu vijana waliokaa chini ya turubai. Mmoja alipokunja suruali akae mkekani niliona kwenye mguu wake kovu bichi la ekzosi. Pikipiki zao zimelala kwenye migomba ya watu, zimefunikwa majani. Ukoo unawashuku wao, wao wanaushuku ukoo, na aliyekusanya wote hawa yumo ndani ya sanduku.

Jana, Alhamisi, saa tisa alasiri, tulisikia pikipiki moja ikipanda mlima. Haikujificha. Ilikuja mpaka katikati ya uwanja, akashuka Adelfina, muuza ndizi wa upande wa pili wa bonde, huyo huyo aliyekuwa akimkemea marehemu kwa ajili ya breki. Alikwenda moja kwa moja kwa Clever akamwekea ufunguo kiganjani.

"Kadi ina jina la baba yako," alisema. "Nimeambiwa mnakusanya. Miguu yangu ilinipeleka mjini kuinunua, itanirudisha nyumbani. Lakini siwezi kuificha mgombani kama mwizi mbele ya jeneza lake. Chukua."

Clever alisimama na ufunguo. Vijana wakasema, "Washa, kaka." Hakuwasha. Alichuchumaa kama baba yake alivyokuwa akichuchumaa. Alipitisha kidole kwenye breki ya nyuma, imekwisha hadi chuma. Akatazama kiti: mbele kimelika, nyuma kipya kama siku kilipotoka dukani. Akashika keria, mkono ukabaki na weusi wa utomvu. Akaunusa.

"Mama," aliuliza, "hii imewahi kubeba abiria?"

"Abiria wa nani? Imebeba mikungu, na mara moja mkwe wangu alipokuwa na uchungu wa kuzaa."

Clever aliingia ndani akatoka na kopo. Akazigeuza kadi moja moja mpaka akaipata sura ya Adelfina, kijana zaidi, na kitambaa kichwani. Akaitazama picha, akamtazama yeye, akatazama breki. Kisha akamrudishia ufunguo pamoja na kadi kwa mikono miwili. "Hii haijawahi kuwa na bosi," alisema. "Nenda nayo polepole mlimani, mama. Kesho jioni nitakubadilishia breki." Halafu akaenda jikoni kwa mama yake, akakaa huko muda mrefu.

Baada ya kijana kufanya vile, mzee hakuwa na pa kujificha. Kwenye mkoba wangu wa safari nimebeba kadi ya kumi tangu mwaka 2009. Pikipiki yake ilikwisha kuwa chuma chakavu, lakini kadi sikuweza kuitupa wala kumpa mtu. Jana jioni nilimpa Clever nikamweleza mbele ya ukoo yote niliyowasomea hapa. Aliniuliza swali moja tu: "Baba alikudai?" Nikamwambia hakunidai hata siku moja. Akasema, "Basi nami sikudai, baba mkubwa. Lakini ibandike nyuma picha ya baba." Ndiyo hii picha iliyo mbele ya ratiba mliyoshika. Nilikata ya kwanza iliyotoka kwa mchapaji nikaibana nyuma ya kadi ile.

Kwa hiyo tangazo la familia ni hili. Tukishamfukia marehemu, Clever atasimama pale penye kichuguu na kopo. Hataita majina, ataangalia sura. Kila mmoja wenu nane aje na pikipiki yake, naye ataikagua kidogo, msichukie, ndivyo alivyofundishwa. Kisha atawapa kadi zenu. Mirathi ikifunguliwa atasaini kila karatasi ya kuhamisha jina kwa atakayekuwa amepata namba yake, na asiyepata atamsubiri kama baba yake alivyosubiri. Kikao cha Jumatano kimefutwa na wazee walewale waliokipitisha.

Marehemu ameacha mjane, Magdalena, watoto wanne, Clever, Jovitha, Véronique na Frednand, mjukuu mmoja, baba mkwe, Mzee Ngassa Ndassa, dada wawili, na kaka mmoja, ambaye hakumstahili. Ameacha pia spana zake zote, kufuli bovu, na baiskeli.

Philbert, mdogo wangu. Unalala jirani na mama, na huko ulikokwenda hakuna atakayekuuliza bibi amezikwa wapi, utamkuta mwenyewe. Mlima umekwisha, fundi. Achia breki, upumzike kwa amani.